Uliitwa Mlimani, Ukapita

Ghorofa ya Saba,
South Beach,
Durban.
Jumanne, 11 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Gadiel,

Habari za huko Sisilia? Baridi imeshaanza? Na kile kifua chako kinachokusumbua kila mwaka, kinaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha wiki ya pili sasa, nguo hazikauki, na shemeji yako Boniface kila siku analalamikia foleni ya malori bandarini, lakini tunaamka na tunakula, Mungu ashukuriwe. Salamu hizi nakupa kwa sababu ndivyo tulivyolelewa Usangi. Usidhani nimezitoa kwa moyo mweupe.

Naandika kwa kalamu, na Boniface atapiga picha kurasa hizi akutumie. Tangu Jumapili nimekupigia simu mara kumi na moja na hupokei. Pengine ni heri, maana ungesikia makelele tu. Barua najua utaisoma, kwani tangu utotoni ukiona karatasi lazima uisome, hata ya kufungia maandazi.

Ni ile video uliyotutumia.

Jumapili baada ya ibada nilipika pilau, nikamwalika Clara na wanawe wawili, tukaiangalia kwenye televisheni. Nilijidai, sikufichi. Niliwaambia, mtazameni mdogo wangu anavyoongoza wageni kwa baiskeli! Barabara ya changarawe tupu, hakuna gari hata moja, hakuna wa kukupigia honi wala kukubana pembeni. Mashamba yamelimwa upya, mizabibu imegeuka rangi, vilima vinafuatana mpaka unaiona bahari kwa mbali. Na wageni sita nyuma yako kama vifaranga. Watoto wa Clara walikushangilia.

Kisha mkaanza kupanda ule mlima wenye mizeituni. Watu wametandaza nyavu chini ya miti, wanapiga matawi kwa fimbo ndefu. Mmoja aliyekuwa kando ya njia akainuka, akavua kofia, akapaza sauti: "Gadi! Pole na mlima!"

Clara aliangusha kijiko. "Rudisha nyuma kidogo, dada," akaniambia. Nikarudisha. Mara ya tatu alikuwa ameshafika mbele ya televisheni, ameweka kiganja kwenye kioo, akisema kwa Kiswahili cha kwao: "Ule ni Achille wangu. Iko muzima." Akakaa chini sakafuni akalia, na wanawe wakaanza kulia bila kujua wanalia nini.

Miezi kumi na tisa, Gadiel! Tangu mumewe apande meli pale bandarini kama mpishi, akatuma ujumbe mmoja tu kwamba ameshuka Sisilia, na simu ikazimika moja kwa moja. Nilikuuliza mwaka jana, ukanijibu kisiwa ni kikubwa, hujui lolote. Nilikuamini. Na kwa nini alichagua huko kati ya kote duniani? Kwa sababu ya video zako. Alizionyesha karakana nzima, akisema Gadi yuko kule, siwezi kupotea.

Basi usiniambie hukumtambua. Kamera ilikuwa juu ya kofia yako. Kichwa kikigeuka, picha inageuka. Uligeuka, ukamtazama, nimehesabu, sekunde nne nzima, kisha ukarudisha macho barabarani. Nikasikia gia inabadilishwa na pumzi yako inaongezeka. Yule mama mgeni nyuma yako akakuuliza kama unaitwa wewe. Ukamjibu hapana.

Hapana!

Hivi umesahau ulifika Durban na nini? Begi moja na viatu vya kuazima. Nani alikupokea kwenye karakana ya baiskeli Pinetown wakati hukujua hata kuziba pancha? Ni Achille aliyekufundisha kunyoosha rimu iliyopinda mpaka wateja wakawa wanakuulizia wewe. Ni baiskeli yake uliyojifunzia kwenye njia za vumbi katikati ya miwa, Jumamosi kwa Jumamosi. Na kila mlima yeye alitangulia, akawasubiri wenzake juu mpaka wa mwisho afike, na kila anayefika akamwambia, "Pole na mlima," na hata kama ulimi unaning'inia nje ilibidi ujibu, "Nimeshapoa!" Asiyejibu alirudishwa chini apande upya. Wewe mwenyewe ulirudishwa mara mbili, nilikuwepo, nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Sasa yeye ndiye yuko kwenye nyavu za mizeituni na wewe ndiye mwenye kofia ya kung'aa. Uliona haya mbele ya wageni? Uliogopa watajua kwamba kiongozi wao na mwokota zeituni wanatoka karakana moja? Wangejua, wangekupunguzia nini? Mama akisikia habari hii, nakuapia, atapanda basi kuja kututafuta sote.

Ngoja nikuambie kwa nini sina subira. Ndugu zake Achille wamekata tamaa, wamepanga matanga Jumamosi ya tarehe 22. Turubai limeshakodiwa. Clara ameshonewa nguo nyeusi, iko kwenye mfuko nyuma ya mlango wake, ananiambia kila akitoka chumbani anaigusa kwa bahati mbaya. Nilimwita Alain, kaka yake Achille, akaja papo hapo na nguo zake za kazi, akaangalia video mara mbili. Ndevu zile, ambazo Achille hakuwa nazo alipoondoka, zimemchanganya. Akasema, "Ile ni video tu, mama. Siku nitasikia Achille ananiita jina, njo nitaambia wazee wasimamishe kilio." Nilimkasirikia, halafu nikamwelewa. Amemzika mdogo wake moyoni mara nyingi mno, hataki kumfufua kwa bure.

Kwa hiyo sauti yake inatakiwa, na ni wewe peke yako unayejua mlima ule uko wapi.

Usiende na wageni. Nenda peke yako, kesho, kabla wavunaji hawajahamia shamba jingine. Ukifika, shuka kwenye baiskeli. Usimweleze kazi yako wala shida zako. Mpe simu azungumze na mkewe, na Alain, na wanawe. Mdogo anaitwa Jean-Bosco, alikuwa hajaanza kutembea baba yake alipoondoka, na sasa anaingia kila chumba akikimbia.

Boniface, ambaye unajua hana maneno mengi, ameniambia jambo usiku wa jana tukiosha vyombo. Anasema mtu anayeficha kitu hakitumi kwa dada yake. Anasema ungeweza kuikata ile sehemu, na hukuikata. Labda ulishindwa kusema kwa mdomo ukatuma tujionee. Nimekasirika sana, Gadiel, lakini hilo nimelishika kwa mikono miwili. Natamani liwe kweli.

Clara anakusalimu, na si kwa uchungu, jambo ambalo mimi nisingeliweza. Boniface anakusalimu. Alain amesema atakusalimu baadaye. Mama yupo salama, sijamwambia, na nisingependa kumwambia. Mungu akulinde kwenye njia hizo zisizo na gari, akupe miguu ya kwenda na uso wa kusimama mbele ya rafiki yako.

Clara ameomba niongeze neno moja tu. Usimwambie Achille kuhusu turubai wala nguo nyeusi. Ukimkuta, kabla ya yote, mwambie, "Nimeshapoa." Anasema atakuwa bado anasubiri jibu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Matilda