Inchi Nne za Darubini ya Baba

Mtaa wa Stesheni,
Itigi, Singida.
18 Mei 2025

Mpendwa kaka Enock,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute umeketi, umekula, na miguu haikuumi kwa kusimama gereji kutwa. Wifi Hana hajambo? Na Shukuru je, bado anakula ugali au keshakuwa mtu wa mikate kama watu wa huko Windhoek? Sisi huku tunapumua na tunamshukuru Mungu, ingawa mwaka huu tunamshukuru kwa shingo upande.

Mvua ilikatika Februari na mtama ukakauka kabla haujashika punje. Alizeti ndiyo imetuokoa kidogo. Mama goti linamsumbua, kanisani anakaa wakati wengine wamesimama, lakini sauti yake bado inawafunika wanakwaya wote. Mimi nipo na cherehani yangu pale karibu na stesheni. Sare za shule zimekwisha, sasa natia viraka.

Utashangaa kuona barua ya kalamu zama hizi. Simu ya nyumba hii unaijua. Ikilia, mama anaweka sauti kubwa, baba anasogeza kiti, na jirani akiwepo naye anataka akusalimie. Hapo mtu hawezi kusema neno lenye uzito. Paulo wa malori anaondoka kesho kwenda Lusaka, na amesema ana mwenzake anayeteremka mpaka huko kwenu, basi nikaona afadhali nikae niandike.

Jumapili iliyopita uliuliza baba anataka darubini ya namna gani kwa bunduki yake, kwa sababu safari hii unataka kuchagua vizuri. Baba alifurahi mpaka akasahau chai yake. Kesho yake akaniita nije na tepu yangu ya kushonea, akanikalisha, akaanza kunitajia. Ngoja kwanza nitimize nilichotumwa. Mwenyewe amesema atasaini, maana barua ya kuomba kitu haijawahi kutoka nyumba hii bila saini yake.

Bunduki ni ile ile aliyoachiwa na yule Mzungu mwindaji ambaye baba alikuwa akimfuatia nyayo za wanyama kule Rungwa, na karatasi zake zote zipo. Ni ya risasi moja. Unashusha wenzo, unaingiza risasi nene kama kidole gumba, unafunga, basi. Ukikosa, huna ya pili mpaka uanze upya. Teke lake hujalisahau, bega lako lilivimba wiki nzima siku ile ulipotaka kutuonyesha kwamba umeshakuwa mwanamume.

Baba anasema darubini isiwe ya kuvuta mbali. Kukuza mara moja mpaka mara nne kunatosha, kwa sababu kwenye kichaka cha Itigi nyati humwoni mita mia mbili, unamwona hatua thelathini naye keshakuona. Iwe fupi na nyepesi, maana kila uzito unaouweka juu ya bunduki ile, teke linataka kuung'oa. Pete za kuifungia ziwe za chuma kigumu. Msalaba wa ndani, ule wa kulengea, uwe mnene, jicho la mzee lisihangaike kuutafuta. Na muuza duka aseme wazi kwamba imejaribiwa kwenye bunduki kubwa, asikwambie itafaa tu.

Kubwa kuliko yote ni nafasi ya jicho, yaani umbali kutoka kioo cha nyuma mpaka kwenye jicho la mpigaji, pale ambapo picha inaonekana yote. Kwenye bunduki ya baba, mahali pa kufungia pete ni mbele mno. Ukiweka darubini yenye nafasi fupi, inambidi mtu arefushe shingo kama kuku anayechungulia mtungi, halafu teke linarudi na chuma usoni. Kwa hiyo nafasi isipungue inchi nne. Nimeipima kwa tepu, kaka, na baba alinirudisha kuipima mara tatu.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuishia. Ningekuwa binti mtiifu ningeandika salamu na kufunga bahasha. Lakini hukuuliza habari ya inchi nne tuliipata wapi.

Ile darubini uliyotuletea mwaka jana ilikuwa nzuri, usidhani naisema kwa ubaya. Ndefu, inang'aa, ya kukuza mara kumi na mbili. Baba ndiye aliyekwambia ulete inayovuta mbali, na wewe ukachagua inayovuta mbali kuliko zote dukani. Nafasi yake ya jicho nilikuja kuipima baadaye, wakati haisaidii tena. Ni inchi mbili na nusu. Ilitengenezwa kwa bunduki ndogo.

Agosti tulikwenda kuijaribu, baba, mama na mimi, kwenye kile kichuguu kikubwa upande wa kusini. Magoti ya baba hayapendi tena kulala chini, basi akaketi akaegemea mti. Mtu anayepiga amesimama, bunduki inamsukuma na mwili unakwenda nyuma. Aliyeegemea mti hana pa kwenda. Akarefusha shingo kutafuta picha, akafyatua. Darubini ilimpiga juu ya jicho la kulia, ikaipasua nyusi mpaka nikaona mfupa.

Mama alimfunga kwa kanga yake, na neno lake la kwanza, damu bado inachuruzika, lilikuwa hili: "Enock asijue. Mtu aliye mbali hapelekewi kilio, atalia na nani?" Unaijua sheria hiyo ya mama. Hata bibi alipofariki wewe uliambiwa anaumwa, na tulikuwa tumeshamzika wiki mbili.

Ile picha tuliyokutumia ya shukrani, baba anacheka, ameshika darubini na kofia imeshuka mpaka machoni, ulijibu kwamba mzee amependeza. Kofia niliishusha mimi. Chini yake kulikuwa na nyuzi saba.

Jeraha lilipona, jicho halikupona. Tulipofika kwa daktari wa macho Dodoma alisema pazia la ndani ya jicho limeachia, na tumechelewa sana. Jicho la kulia sasa linajua mchana na usiku, basi. La kushoto lina mtoto wa jicho, ila hilo linatibika kwa upasuaji, na daktari amempangia tarehe nane Julai. Baba amekataa. Anasema hili moja nalo likiharibika atabaki na nini. Anasema darubini nzuri ikija itafanya kazi hiyo hiyo ya daktari bila kisu. Nimemweleza kwamba kioo kinakuza kile unachokiona, na kama unaona ukungu kitakukuzia ukungu. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Ungekuwa ugonjwa wa kukaa nyumbani ningeendelea kunyamaza. Lakini Fabiano, mwenzake wa porini tangu ujana wao, ana leseni ya nyati mmoja kwa msimu unaofunguliwa Julai, na amemwomba baba amsimamie nyuma na bunduki kubwa. Fabiano hajui lolote. Anamwona baba anatembea mtaani bila fimbo na anasalimia kila mtu kwa jina lake. Hajui kwamba baba anasubiri mtu aseme kwanza ndipo amtaje.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu, maana mpaka hapa nimesema za wengine.

Mwezi wa nne baba aliifungua ile darubini akaiweka kando, akasema atajaribu kwa vile vyuma vya kulengea, kwa bega la kushoto. Tulikwenda wawili tu. Nikaweka boksi la sabuni kwenye kichuguu, hatua arobaini. Akalenga muda mrefu, akapiga. Nilisikia majani yakikatika juu kabisa kwenye mti wa nyuma. Akaniambia, "Nenda kaangalie."

Nilikwenda. Niligeuza boksi pande zote, nikalifungua, nikatazama mpaka ndani. Halikuwa na tundu. Nilipoinua kichwa nilimwona ameketi kule na bunduki mapajani, uso ameuelekeza mahali nisipokuwepo, anasubiri. Nikapaza sauti nikamwambia, "Imeingia, baba. Pembeni kidogo, ila imeingia."

Ungemwona alivyosimama! Njia nzima alipiga mluzi. Alipita kwa Fabiano kabla hata ya kufika nyumbani, akamwambia, "Julai tunakwenda."

Nilidhani nampa furaha ya siku moja. Kumbe nimewapeleka wazee wawili mbele ya nyati, mmoja haoni na mwingine hajui, na bunduki ina risasi moja. Tangu siku hiyo sina raha, kaka. Wiki iliyopita nilikata suruali ya mteja miguu miwili ya kulia. Mama nikimgusia anasema nisimvunje mzee moyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mama methali hiyo anaijua vizuri, huwa anawatolea wenzake wa jumuiya. Mimi nami nimeshajua kudanganya kuliko yeye, kwa sababu yeye alimdanganya aliye mbali, mimi nimemdanganya aliye mbele yangu.

Kwa hiyo nakuomba, usinunue darubini. Hata ukiiona yenye inchi nne, nyepesi, ya chuma kizuri, iache dukani. Ikifika hapa kabla ya Julai, Dodoma hatakwenda tena. Piga simu, mwambie unajua habari ya jicho, na unajua kwamba boksi halikuwa na tundu. Mwambie darubini yake ipo, ataipata baada ya upasuaji. Mimi akinisikia atasema mtoto ana woga. Wewe ndiye mzaliwa wa kwanza, na neno lako baba hulifikiria hata siku tatu.

Najua hii habari ya darubini ya kwanza itakuuma. Ulijinyima ukainunua, nasi tukakuficha ilichofanya. Uniwie radhi. Lia ukitaka, ila usilie kimya kimya mpaka Julai ipite.

Shangazi Agripina wa Ikungi anakusalimu, alipita hapa siku ya mnada na bado anauliza lini utamletea shali. Mama anawasalimu wote watatu na kuwaombea kila alfajiri, kwa majina. Mpe wifi Hana salamu zangu, na Shukuru mwambie shangazi yake wa Itigi anataka kipimo cha kiuno chake, nimshonee suruali kabla hajawa mrefu kuliko kitambaa nilicho nacho. Mungu awafunike huko ugenini, na awarudishe kwetu mkiwa mnatukuta wote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ingawa nimechelewa kukupenda kwa ukweli,

Loyce

Kaka, nimelazimika kuifungua tena bahasha.

Baba aliporudi kutoka kanisani alikuja mezani, akataka nimsomee. Nilimsomea vipimo tu, nikaishia kwenye inchi nne. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akaomba kalamu. Nikamwekea karatasi mbele yake. Aliinama mpaka pua ikakaribia meza, akapapasa ukingo, akaandika jina lake lote, Melkizedeki, kwa ule mwandiko wake wa kulala, bila haraka. Aliliandika kwenye kitambaa cha meza, kando ya karatasi.

Akauliza, "Nimeweka sawa?"

Mama alikuwa mlangoni anapepeta. Alinitazama, nikajua anataka nijibu nini, na neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni. Sijui nilipata wapi nguvu. Nikasema, "Hapana, baba. Umeandika kwenye kitambaa."

Ungo ulinyamaza. Baba alipitisha vidole juu ya kitambaa kama anayetafuta sindano, asiipate. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na lile boksi?"

"Halikuwa na tundu, baba."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaniwekea kalamu kiganjani. Nikamwambia nitamshika mkono tuandike upya, akakataa.

"Acha," alisema. "Nitasaini nikiona."

Ametoka kukaa nje. Hajasema kama atakwenda kwa Fabiano, wala hajaitaja Dodoma, na mama hataki kuniangalia. Wewe piga simu hata hivyo. Kitambaa sijakifua. Nafasi ya saini yake nimeiacha hapa chini.