Pua ya Baba

Kaka Radovan,

Huku hatujambo. Mbwa amepona mguu, na hopi zetu za kutia kwenye bia zimetambaa ukutani hadi kwenye paa. Unajua hapa nyumbani hakuna anayechuma ua la hopi mpaka Baba alisugue viganjani, alinuse, aseme, "Haya, vuneni." Mwaka huu kila asubuhi alinusa akasema, "Bado, acha pupa." Maua yakageuka kahawia kingoni, nikaanza kusikia harufu ya kitunguu saumu, yaani wakati wake umeshapita. Jirani Hynek akachungulia uani: "Mzee, unangoja theluji?"

Jana nilisugua majani makavu ya mtofaa, nikampa Baba mkononi kana kwamba ni hopi. Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. "Kesho kutwa yatakuwa tayari," akasema.

Nikamuuliza pua yake imekufa tangu lini. Akasema, "Tangu kabla ya Krismasi. Usimwambie kaka yako."

Mama tulimzika Februari. Unakumbuka Baba alivyotusimulia makaburini: Mama alikuwa na mafua, akamwomba anuse kama jiko la gesi linavuja. Akanusa, akamwambia, "Washa tu." Sote tukamlaani fundi wa jiko.

Leo nimevuna peke yangu. Maua hayafai tena kwa bia, lakini nimevuna. Baba amekaa hapa dirishani, kila mara ananiuliza yananukiaje.



Mdogo wako,
Bohdana