Kibodi ya Chumba cha Giza

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na Mama naye apokee shikamoo yake hapo hapo alipokaa akikusikiliza ukisoma. Goti lake linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mke wa mchungaji ilimfikia? Mimi mwili ni mzima. Chakula nakula, na usingizi umerudi, maana zilipita wiki mbili nzima sikuuona. Hilo ndilo linalonifanya nikuandikie kurasa zote hizi badala ya kupiga simu ya dakika mbili.

Kaka Ndelilio, mtoto wa Baba Mkubwa, anafunga duka wiki ijayo anakuja huko kwenye kipaimara cha mwanawe. Anajua yaliyonipata, na mdomo wake unaujua. Nimeona heri uyasikie kwangu kwanza.

Unajua nachapa majibu kwenye kliniki ya picha hapa Kisutu, mojawapo ya hizi zilizofunguliwa tangu watu binafsi waliporuhusiwa. Sikuwahi kukueleza chumba chenyewe. Ni chumba cha ndani kisicho na dirisha, mlangoni pazia zito jeusi. Daktari Bharti, mama wa Kihindu mwenye umri kama wa Shangazi, anampaka mgonjwa mafuta ya baridi tumboni, anapitisha kile chombo, na mtoto anaonekana kwenye kioo cha mashine. Taa ikiwashwa picha inafifia. Kwa hiyo tunakaa gizani kuanzia asubuhi hadi jioni, huku nje jua la Dar linachoma. Yeye anataja vipimo, mimi nachapa kwenye kompyuta pembeni, kioo chake kimepunguzwa mwanga, na mgonjwa anatoka na karatasi yake mkononi.

Jumanne moja aliingia dada anaitwa Zuhura, wa Kigamboni. Presha yake ilikuwa juu na miguu imevimba. Hospitali kubwa ndiyo iliyomtuma, kwa sababu hakujua mimba ina umri gani, aliipata akiwa bado ananyonyesha. Tumbo lilikuwa kubwa sana. Daktari Bharti akapima, akanitajia: wiki ishirini na nane. Nikachapa. Karatasi ikatoka, Daktari akatia sahihi amesimama pale pale kwenye pazia, maana nje wagonjwa wengine sita walikuwa wanasubiri. Zuhura akaondoka na bahasha yake.

Saa saba nilitoka varandani kupanga nakala kwenye faili. Kila nakala tunaibandikia ile picha ndogo inayotoka kwenye mashine yenyewe. Ya Zuhura ilisema 28. Karatasi yangu ilisema 38.

Nilizishika zote mbili nikazisoma upya, Baba. Mbili na tatu zimekaa pamoja kwenye kibodi. Kidole kilikosea kwa upana wa punje ya mahindi, na mtoto akaongezewa wiki kumi. Mtoto wa wiki thelathini na nane ambaye mama yake ana presha, hawasubiri. Wanamtoa.

Nikaingia chumbani, Daktari ana mgonjwa mwingine kitandani. Nikamnong'oneza. Aliitazama nakala na ile picha ndogo kwa mwanga wa mashine.

"Simu yake?"

"Tuna ya mume tu, na imezimwa. Nimepiga mara nne."

"Alisema anaanza kwake au anakwenda hospitali moja kwa moja?"

"Alisema anarudi kwake kwanza, hospitali kesho asubuhi."

Akaandika karatasi mpya kwa mkono, akagonga mhuri. "Basi nenda Kigamboni. Mkabidhi yeye mwenyewe. Nenda, Aikande, usilie sasa."

Magari Posta yalikuwa hayasogei, nikashika njia kwa miguu, viatu mkononi, hadi Magogoni. Pantoni la kuvukia Kigamboni ndiyo kwanza lilikuwa linaachia. Nilisimama pale kwenye lango nikiona maji yanavyotanuka kati yangu na lile pantoni, na sikuwa na la kufanya ila kusubiri jingine. Ng'ambo niliulizia jina la mume, fundi wa kujenga, nikaelekezwa hadi nyumba yenyewe. Nilimkuta bibi mmoja anachambua mchele.

"Shikamoo, Bibi. Namtafuta Zuhura."

"Marahaba mwanangu. Zuhura amekwenda hospitali na mumewe. Nesi wetu wa hapa aliisoma ile karatasi, akasema mtoto ameshatimia na presha ni mbaya, wasingoje kesho."

"Wameondoka saa ngapi?"

"Hata saa nzima haijaisha." Akanitazama. "Kuna nini?"

Mungu anisamehe. Niligeuka nikakimbia. Tulikuwa tumepishana majini, wao wanakwenda mjini, mimi nakuja kwao.

Kurudi nilikodi teksi kutoka Magogoni. Getini pa hospitali mlinzi akasema muda wa kuona wagonjwa bado. Nikamwambia sikuja kuona mgonjwa, nimeleta majibu ya daktari, na nikamwonyesha mhuri. Alisoma neno moja moja. Nilitamani kumpokonya.

Zuhura nilimkuta kwenye kitanda cha magurudumu nje ya chumba cha upasuaji, amevalishwa gauni la kijani, hereni zake kazishika kiganjani. Mumewe alikuwa anatia sahihi. Daktari kijana alikuwa amesimama na karatasi yangu. Niliitambua kwa mbali.

"Daktari, samahani. Hiyo karatasi ina makosa. Ni ishirini na nane."

Alichukua ile mpya, akaisoma, akatazama ile picha ndogo niliyoibeba. Kisha akaweka mkono juu ya tumbo la Zuhura, akaminya taratibu pande zote.

"Kumbe ni maji," akasema kama anaongea peke yake. "Tumbo hili ni maji mengi tu." Akamgeukia nesi. "Simamisheni. Anzeni dawa ya presha, na sindano za mapafu ya mtoto. Anarudi wodini." Halafu akanigeukia mimi. "Nani aliandika thelathini na nane?"

Baba, sitakuficha. Lilinijia kusema ni kompyuta. Watu wengi hapa mjini bado wanaamini kompyuta inaweza kujifanyia lolote, na angeweza kukubali. Lakini Zuhura alikuwa ananitazama kutoka pale kitandani.

"Mimi," nikasema.

Mumewe akaja juu, nesi akamshika bega. Zuhura hakupaza sauti. Aliniuliza, "Wangemtoa leo?"

"Ndiyo, dada."

"Angeishi?"

"Sijui."

"Na ungechelewa kidogo je?"

Hakungoja nimjibu. Aligeuza uso ukutani.

Kesho yake Bwana Kirit, kaka yake Daktari Bharti na mwenye kliniki, alisema nisikanyage tena pale. Daktari Bharti akamjibu mbele yangu, "Sahihi ni yangu. Niliitia bila kusoma. Akiondoka yeye, naondoka na mimi." Kisha akaniketisha, akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. "Aikande, gizani mle, vitufe unaviona?"

Hapa ndipo barua hii inaponiwia ngumu. Unakumbuka ulivyonifundisha kwenye taipureta ya chama cha ushirika, mikono yangu ukaifunika na leso ya Mama. Ulikuwa ukisema karani anayetazama vidole bado hajaijua kazi. Herufi nilizijua kweli. Namba sikuzijua, Baba. Ulipokuwa unatoka nje kutazama kahawa iliyoanikwa, nilikuwa nainua leso nachungulia. Ukirudi unanikuta nimepatia, unanisifu mbele ya makarani wenzio. Miaka yote hiyo nimekuwa nikichungulia namba, na kila mwajiri nimemwambia nachapa bila kutazama. Kwenye kile chumba sikuweza kuchungulia, kwa hiyo nilikuwa nabahatisha. Mara ngapi nilikosea kabla ya Zuhura? Tulizipitia nakala zote, mimi na Daktari, siku tatu. Tulikuta makosa mengine mawili, madogo, ya uzito wa mtoto. Wagonjwa wote wawili tuliwaita wakarudi, wakapewa karatasi sahihi.

Nikamjibu Daktari Bharti, "Sivioni, na namba sizijui bila kuziona."

"Ungesema siku ya kwanza."

"Niliona aibu."

Akafikiri, akasema, "Mimi nikitaka kusoma navaa miwani. Tafuta kibodi yenye taa ndani yake. Lakini uijaribu gizani kwanza, na mwanga wake usifike kwenye kioo changu, nisije nikashindwa kuona moyo wa mtoto."

Ndivyo nilivyofika dukani kwa Kaka Ndelilio, hapa Kariakoo. Siku hizi mali za Dubai zimejaa hadi juu ya paa, anauza kompyuta alipokuwa akiuza mabati. Alinitolea kwanza stika zinazong'aa gizani, za kubandika juu ya vitufe. Nilijua hazifai: chumba chetu hakipati mwanga wa kuzilisha. Akanipa kitaa chenye shingo ndefu cha kuchomeka kwenye kompyuta. Hicho kinamulika mikono vizuri, na kinamulika ukuta mzima vile vile.

"Nataka herufi zenyewe ndizo ziwake, Kaka."

Akapanda ngazi, akashuka na maboksi matatu. "Hizi ndizo habari ya mjini," akasema, "vijana wa michezo ya kompyuta ndio wanaziulizia." Akachomeka ya kwanza, na kwa mwanga wa mchana pale mlangoni sikuona tofauti yoyote. Nikamwomba afunge mlango. Akakataa, wateja watadhani amefilisika. Basi nikavua kanga yangu begani, nikaingia chini ya kaunta na kibodi, nikajifunika gubigubi.

Watu walisimama. Nilimsikia mama mmoja anamwuliza Kaka, "Mangi, huyo dada anaumwa?" Kaka akajibu, "Anachagua tu, mama." Wakacheka. Wengine walikaa kusubiri nitatoka na nini. Mimi sikucheka. Chini ya ile kanga nilikuwa namwona Zuhura.

Ya kwanza iliwaka pembeni tu, ukingo mzima buluu kama harusi, lakini vitufe vyenyewe vyeusi. Mapambo. Ya pili herufi ziliwaka vizuri, ila nyeupe kali isiyopungua. Nilipofumba macho bado niliziona, na kanga yote juu yangu iling'aa. Hiyo ingemfifishia Daktari picha. Nikazitoa nje.

"Ya tatu ni ya zamani kidogo," Kaka akasema, "boksi limechakaa."

Ya tatu herufi zimechongwa, mwanga unatokea ndani yake, mwekundu mpole. Ina kitufe cha kuupunguza hadi uwe kama kaa linalozimika. Na upande wa kulia ina namba zimejipanga peke yake, kubwa, moja hadi tisa, na ile tano ina kinundu cha kupapasa. Nikaupunguza kabisa. Bado nilizisoma. Nikajitajia namba moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, nikazibonyeza. Nikatazama mbili. Nikatazama tatu. Zilikuwa zimekaa karibu kama kawaida, lakini sasa niliziona.

Nilitoka chini ya kaunta na jasho. "Hii."

"Ile ya buluu ndiyo nzuri," Kaka akaninong'oneza. "Ukinunua hii watakucheka."

"Wameshanicheka."

Sasa nachapa kwa kutazama vidole. Nikimaliza namba naisoma kwa sauti, na Daktari Bharti anaitika akiwa ametazama mashine yake. Ikiwa hajaitika, karatasi haitoki. Mwanzoni Bwana Kirit alisema tunawachelewesha wagonjwa. Juzi nilimwona amesimama nyuma ya pazia anasikiliza, kisha akaondoka.

Zuhura alibaki wodini. Nilikwenda kumwona kila Jumapili na uji. Mara ya kwanza mumewe aliupokea mlangoni, sikuingia. Mara ya pili niliingia, nikamwachia uji karibu na kitanda. Sikumlazimisha kuongea. Juzi Ijumaa hospitali ilimleta tena kwenye picha, kwa kiti cha magurudumu. Akaniona nimekaa kwenye kompyuta.

"Ni wewe utakayeandika?"

"Ni mimi, dada. Ukitaka mwingine, nitamwita."

Aliitazama kibodi. Daktari Bharti alishika chombo mkononi, hakukiweka tumboni, akamsubiri.

"Kiti changu kisogezwe kwake," Zuhura akasema mwishowe, "mkimaliza."

Daktari akapima, akataja. Nikabonyeza. Nesi aliyekuja naye akamsogeza hadi pembeni yangu, naye Zuhura akainama na tumbo lake lote juu ya ile kibodi nyekundu, akatazama kioo cha kompyuta.

"Nisomee."

"Wiki thelathini na nne."

"Daktari, ni kweli?"

"Kweli," Daktari Bharti akaitika.

Zuhura akanyoosha kidole, akaigusa ile tatu, kisha ile nne, bila kuzibonyeza. "Soma tena," akaniambia.

Nikasoma tena. Akachukua karatasi yake, akaikunja mwenyewe, akaitia kifuani. Mlangoni akasema, "Jumapili uji usiweke pilipili manga nyingi." Ndiyo nimetoka kuupeleka sasa hivi. Kaumaliza.

Baba, kama umekasirika kuhusu ile leso, niandikie umekasirika. Nitaipokea. Nisalimie Bibi, na umsomee taratibu. Msalimie Shangazi Manka na mumewe mwalimu, mdogo wangu Elia namwambia asiache hesabu, na mama wa kwaya anayeniulizia kila Krismasi mwambie bado naimba. Mama nitamtumia kanga mpya kwa mkono wa Kaka. Kaka akianza kusimulia habari za kaunta, muacheni amalize, anaisimulia vizuri kuliko mimi.

Mungu awalinde nyote hapo nyumbani.

Ni mimi binti yako,
Aikande