Aurélien Bréchard na Chupa za Mwaka wa Maëlle

Aurélien, mume wangu,

Mwaka umekatika tangu mto Vienne ulipoingia nyumbani kwetu ukakuchukua. Watu walisema tutazoea. Hatujazoea.

Kila mavuno ya zabibu yalipokwisha ulitupakia garini, leo Burgundy, kesho Alsace, kijiji hadi kijiji, watoto wakinung'unika kwenye kiti cha nyuma: "Baba, ghala jingine la mvinyo tena?" Wenye mashamba walikufahamu. Mmoja alikutania, "Bwana Bréchard, umekuja kununua au umehamia?" Ukamjibu, "Nipe kitanda tu, mke wangu atanifuata." Nikakufinya.

Wanafunzi uliowafundisha jiografia bado wananisimamisha sokoni.

Mvinyo uliununua ukiwa mchanga, ukaulaza gizani, kwenye ghala la chini ya nyumba yetu, miaka na miaka. Nikikuomba tufungue chupa nzuri ulisema, "Bado, Solange. Haujaiva."

"Utaiva lini, tukishakufa?"

Ulicheka, ukanimiminia ule wa kawaida. Lakini jirani akifiwa, ulimpelekea chupa ya zamani kuliko zote, ukakaa naye mpaka akala.

Asubuhi ile ya mafuriko zimamoto walituambia tutoke. Tulikuwa tayari mlangoni. Ndipo ukakumbuka chupa za mwaka aliozaliwa Maëlle, binti yetu, ulizokuwa umemtunzia kwa harusi yake.

"Achana nazo!" nilikupigia kelele.

"Mbili tu, mpenzi. Nakuja."

Ukashuka ghalani. Maji yakavunja dirisha la chini. Mwanao Corentin aliuvuta mlango mpaka vidole vikatoka damu, haukufunguka kwa uzito wa maji. Alikusikia ukimwita. Kisha hakukusikia tena.

Chupa hazikuvunjika, Aurélien. Karatasi zake za majina tu zilibanduka zote, hatujui ipi ni ipi. Maëlle hakutaka sherehe. Alifunga ndoa ofisini kwa meya, kavaa koti jeusi, akarudi nyumbani kulala. Corentin hashuki kule chini, na mlango wowote ukibamizwa anatoka nje, anasimama barabarani.

Wiki iliyopita kaka yako Fulbert alisema tufungue moja, tunywe kwa jina lako. Tukafungua. Mvinyo ulikuwa mzuri, mzuri kuliko wowote niliowahi kuonja. Maëlle alionja kidogo, akaiweka glasi mezani.

"Si angeziacha tu," akasema, akaanza kulia.

Hakuna aliyemaliza glasi yake. Uliobaki niliumwaga kwenye sinki.

Tunaokulilia ni mimi mkeo Solange, watoto wako Maëlle na Corentin, mkweo Yvain, na kaka yako Fulbert.

Tutakukumbuka siku zote, hata zile tunazotamani tusikumbuke.