Mahindi Niliyokuambia Uchemshe

Mpenzi wangu, Mama Wangari,

Barua hii nataka niiandike mwenyewe kabla sijakufuata kaburini.

Nakukumbuka barazani kwetu Wamagana, asubuhi ya Jumamosi, ukifuma sweta nami nikitayarisha somo la biolojia. Nilichukua nyuzi zako nikakushikisha ncha moja, nione kama wanafunzi wangu wa shule ya Ruring'u wangeelewa jinsi seli inavyogawanyika.

"Na nani anaambia uzi iachane?" ukauliza.

"Protini."

"Na nani anaambia hiyo protini imetosha?"

"Protini ingine."

"Ati! Kumbe huko ndani pia kuko na mwalimu wa zamu!"

Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Halafu ukaja ule mwaka mvua ilipotukuta tukivuna. Ulinionyesha ukungu wa kijani kwenye punje za mahindi. "Baba Wangari, hii tutupe."

"Kutupa chakula? Osha, anika, chemsha. Moto inaua kila kitu. Mimi ni mwalimu ama si mwalimu?"

Ukapika githeri ya maharagwe na mahindi ya namna hiyo, msimu huo na mingine iliyofuata. Mimi nilikula shuleni. Wewe ulikula nyumbani.

Ini lako lilipougua, daktari alinieleza nikiwa peke yangu. Moto huua ukungu, lakini sumu yake hubaki. Ndani ya seli za ini, sumu hiyo huweza kuharibu protini inayozuia seli kugawanyika ovyo. Protini zile zinazosukuma mgawanyiko hukosa wa kuzizuia, na saratani huanzia hapo. Hakuweza kuapa kwamba ni mahindi yale. Mimi nilijua vya kutosha, nikanyamaza.

Kina mama wa kanisa wakanong'ona kwamba ini lako limeharibiwa na pombe unayokunywa kwa siri. Wewe, ambaye hata kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya binti yetu Wangari, hukuonja tone! Uliniomba, "Si uwaambie sinywi?" Nikasema watachoka wenyewe. Walikuzika wakiamini hivyo.

Niliogopa kuitwa mwalimu aliyemlisha mkewe sumu. Sina sababu nyingine. Nisamehe.

Mchungaji amekubali barua hii isomwe Jumapili, kina mama wale wale wakiwepo. Wangari anataka nibaki nyumbani kwa sababu ya kifua changu. Nimemwambia anipeleke, aniketishe mbele kabisa, niwatazame wakisikia.

Ni mimi mumeo,
Baba Wangari