Sikushindwa, Niligeuka

Sinza, Dar es Salaam
Jumapili

Mdogo wangu Doto,

Mwangaluka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mkeo na watoto, na kwamba mvua imeshuka huko Kasoli mkapanda. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia tangu mlipomzika mama yetu bila mimi.

Unajua napiga chapa kwa mama mmoja wakili. Tangu soko huria lije, kesi za wanunuzi wa pamba hazikauki mezani kwake. Wiki iliyopita nilikuwa naandika habari za mnunuzi aliyekubali kuchukua pamba ya kijiji kizima, halafu hakuleta lori. Humo mlikuwa na neno la Kiingereza, renege. Nikamwuliza, "Mama, hili ni kushindwa kutimiza ahadi?"

"Hapana, Kulwa. Lori likizama mtoni, huyo ameshindwa. Hili ni la mtu aliyekubali kwa kinywa chake, uwezo anao, kisha anageuka. Na ukilitumia, huliachi hivi hivi. Unataja na makubaliano yenyewe."

Nilimaliza ukurasa, lakini neno hilo lilikuwa langu.

Basi nayataja. Sisi pacha tulikubaliana mbele ya mama: mimi nitangulie huku misimu miwili ya pamba, kisha nirudi nikae naye, nawe uende chuo cha ufundi. Sasa ni misimu saba. Umelima peke yako, umembeba mama mgongoni hadi zahanati. Ulipoandika habari za mama, "Njoo, mayu anakuulizia kila asubuhi," nikakujibu kwamba bosi amenikatalia ruhusa.

Doto, hakunikatalia. Sikumwomba. Niliogopa nikifika utaniambia zamu yangu imefika, na mji nilikwisha kuuzoea.

Juzi nilimweleza yule mama wakili. Akasema, "Hayo mwambie ndugu yako, si mimi."

Kazi nimeacha. Ijumaa napanda treni ya Mwanza, halafu basi la Bariadi. Chuo hakikukusubiri, wala mama hakunisubiri. Lakini nakuja.

Nisalimie shangazi aliyetulea, na katekista aliyemwombea mama. Shemeji mwambie asinichinjie kuku. Ukitaka kunifukuza una haki, ila kwanza nionyeshe mama alipolala.

Ni mimi, pacha wako,
Kulwa