Bamba la Kibanio cha Delbert

Delbert,

Nimekwenda kwa dada Lorna, nitarudi Alhamisi. Supu ya maharage ipo jikoni. Mbwa keshakula, asikudanganye.

~~Samahani kwa kukuita uje ule asubuhi.~~ Siombi samahani. Umenifokea mbele ya mbwa kwamba mwito wangu ndio uliokutetemesha mkono, ukalikereza kupita kiasi bamba la kushikia kibanio cha mashine yako ya kukerezea, na sasa linacheza ndani ya kibanio kama jino bovu. "We mama unajua nini kuhusu chuma?" Kazi ya wiki tatu, uchungu nauelewa.

Lakini mzee wangu, ulipokuwa unanawa nilishuka stoo ya chini, kwenye mashine yako, kuchukua jemu, nikaligusa hilo bamba. Likaniunguza kidole. Ulilipima likiwa moto, limevimba. Wakati unakula likapoa, likanywea. Mkono wako haukutetemeka hata kidogo.

Pande jingine la chuma lipo chini ya kitambaa cha mkate, nimelitoa kwa Vern wa vyuma chakavu. Safari hii ukishakereza, kaa, kunywa kahawa, ndipo upime.

Pai ya tufaha ipo dirishani. Nayo usiikate mpaka ipoe. Mwaka wa arobaini na sita huu nakuambia.

Mkeo, asiyejua chuma